Figo Yangu na Chanjo Aliyoikwepa

Mimi ni dereva wa familia moja hapa Jeddah. Ndugu yangu mdogo ni mlinzi Riyadh. Figo zake zilishindwa, na sasa damu yake husafishwa kwa mashine. Nilijitolea kumpa figo yangu moja. Madaktari walinipima wakaona inamfaa, kisha wakakuta jambo jingine: niliwahi kupata homa ya ini aina ya B bila kujua, nikapona. Alama yake ilibaki katika damu.

Nilisoma kila nilichopata kuhusu alama hiyo. Figo ya mtu kama mimi hupokelewa, mradi anayepewa awe na kinga ya kutosha. Ndugu yangu hakuwa nayo.

Nilipopata ruhusa nilipanda basi kwenda Riyadh, safari ya kutwa. Nilimkuta kwenye mashine, mkono ameunyoosha.

"Si walikuita uchanjwe ulipoanza mashine?"

"Waliniita. Sikuenda."

"Kwa nini?"

"Brathe, niliwaza ikama, kibali changu cha kukaa huku. Ukichanjwa homa ya ini, si damu itaonyesha unayo? Kafili aliyenidhamini atasema halas, imetosha, rudi nyumbani. Na huko mashine nitaipata wapi?"

Sikumcheka. Sisi tuliokuja huku kufanya kazi tunajua kwamba ukikutwa na ugonjwa huo kwenye vipimo, unarudishwa. Nikamweleza polepole kwamba kipimo cha ikama hutafuta kirusi, na chanjo haiachi kirusi, huacha kinga.

Akasema, "Basi wanidunge. Lakini figo yako imezoea chakula cha madam. Hapa itakula wali baridi wa kabsa wa walinzi."

"Itazoea. Mbona mimi nilikuzoea wewe."

Alichanjwa. Mwili wa mtu wa mashine huchelewa kuitikia chanjo, kwa hiyo walimpa dozi kubwa. Walipopima, kinga haikutosha. Wakarudia dozi zote tangu mwanzo. Mimi niliendelea kuendesha: shule, soko la Balad, nyumbani, shule. Simu ikilia naegesha kwanza.

Jana alipiga nikiwa mtaa wa Ruwais, namsubiri madam.

"Kinga imepanda," akasema.

"Imetosha?"

"Wanasema imetosha. Wanauliza utakuja lini."

Nilifumba macho kidogo. Nilikuwa nimechoka mno hata kufurahi. Kisha nikampigia bosi, mume wa madam, kuomba ruhusa ndefu zaidi. Akauliza nani atawapeleka watoto shule. Nikamwambia sijui, ila mimi nakwenda.