Radi na Sakafu ya Saruji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni seremala wa vitanda, lakini ukimwita seremala atanuna siku nzima. Anataka aitwe Radi. Jina hilo alijipa mwenyewe, maana sisi wengine tulichelewa kumpa.

Bendi yetu ya roki ina watu wanne na dramu kumi na moja, zote za Radi. Ana miwani ya giza ya kupigia, ana nywele za kurusha, na vijiti havizungushi chini ya mara tatu kabla ya kugusa kitu. Muulize mpiga dramu hodari anatofautianaje na mpiga makopo, atakutajia bega, jasho na kipaji cha kuzaliwa. Kutunza mapigo hakutaji hata kwa bahati mbaya.

Na atakitajaje asichokuwa nacho? Akipandwa na mzuka, wimbo unatimua mbio. Mimi ndiye mpiga besi. Miaka sita tumefanya mazoezi kwenye karakana yake, juu ya sakafu ya mbao aliyoipigilia mwenyewe, na miaka sita nimekuwa nikikita kisigino kwenye ubao unaopita chini ya kiti chake. Ubao unamtikisa makalio, naye anarudi kwenye mapigo bila kujua amerudishwa. Nilinyamaza kwa ajili ya dada, ingawa roho iliniuma kila aliposifiwa.

Siku moja mwenye ukumbi mmoja wa muziki akatuita mchana tumpigie nyimbo mbili. Akiridhika, jukwaa ni letu kila Jumamosi, na sisi hatukuwahi kuwa na jukwaa. Tulipoingia nikatazama chini. Saruji tupu.

Wimbo wa kwanza Radi alichomoka peke yake. Mwimbaji akameza ubeti mzima, mpiga gita akakata tamaa katikati. Nilikita kisigino mpaka mguu ukafa ganzi; saruji haikuwa na habari. Radi alikuwa amefumba macho, anarusha nywele.

“Umebaki mmoja,” alisema mwenye ukumbi, akiangalia saa.

Wa pili nikarudi nyuma, nikawa naupiga teke mguu wa kiti chake, teke kwa kila pigo. Wimbo ukatulia. Mwenye ukumbi akasahau saa, kiatu chake kikaanza kucheza.

“Jukwaa mmepata,” akasema. “Mpiga dramu wenu nimemkubali.”

Radi akavua miwani, akainama kupokea sifa.

“Si wewe, kaka. Huyu anayekupiga mateke.”

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo miaka sita, na kicheko hakikuja. Shemeji alikuwa anautazama mguu wangu.

“Na kule karakana?” akaniuliza. “Ule ubao?”

“Ule ubao, shemeji.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwanzo.”

Shemeji akaanza kuondoa dramu moja baada ya nyingine, mpaka zikabaki tatu. Akashika vijiti bila kuvizungusha, akanigeukia.

“Haya, shemeji. Hesabu, nakusikiliza.”