Bango la Radi Kavu

Waiyego alianza kuandikia watu maneno enzi za taipureta, akiwa karani wa wakili mmoja mjini Eldoret. Wakili alipostaafu, mama huyo akafungua kibanda chake mtaani Pioneer: kompyuta moja, printa moja, na benchi la wateja. Aliandika programu za mazishi, matangazo ya mikutano ya injili, kadi za harusi. Mwanzoni mtu aliridhika akiandikiwa "Mkutano wa Injili". Baadaye wakataka "mkubwa". Halafu "wa kihistoria". Siku hizi mhubiri hakubali bango lake litoke kwa printa kama halijatikisa mataifa. Marehemu nao wote walikuwa nguzo za jamii. Waiyego alikuwa amechoka, si mgongo tu, hata maneno yenyewe yalikuwa yamemchosha.

Alasiri moja wakaingia vijana watatu waliovaa nguo nyeusi, wakabanana kwenye benchi.

"Mathe, tunataka bango," alisema aliyekuwa na gitaa. Aliitwa Kigen. "Sisi ni Radi Kavu. Bendi ya roki."

"Mnajulikana?"

"Bado. Ndiyo maana tumekuja kwako."

"Mmeshapiga wapi?"

Wakatazamana. "Soy," akasema Wamalwa, mpiga ngoma. "Kwa harusi. Tulizimiwa stima wimbo wa kwanza."

"Wa pili," Kigen akamsahihisha. "Na Sugoi."

"Sugoi mlipiga kwa nani?"

"Kwetu," akasema wa tatu, Kimutai, kijana mpole wa gitaa la besi. "Tunafanya mazoezi kwa banda la ng'ombe. Wamezoea sasa."

Waiyego hakucheka. Alifungua bango la mhubiri mmoja, akafuta jina lake, akabadilisha huku na kule. Chai yake haikuwa imepoa alipomaliza.

"BAADA YA ZIARA ILIYOTETEMESHA SOY NA SUGOI, MAJABARI WA ROKI, RADI KAVU, WANASHUKA PIONEER! ARDHI ITAPASUKA! PAA LITANG'OKA! MWENYE MOYO DHAIFU ABAKI NYUMBANI!" Chini yake akaweka jina la ukumbi wa kanisa na Jumamosi mchana.

Kigen alisoma mara mbili. "Mathe," alisema, "hii ndiyo sisi kabisa."

Kesho yake asubuhi Mama Vivian alifika kibandani akiwa na bango mkononi, limeraruka pembeni alipolibandua kwenye nguzo ya stima. Yeye ndiye aliyeshika funguo za ukumbi huo.

"Waiyego, ni wewe umeandika hii?"

"Ni mimi, Mama Vivian."

"Paa gani litang'oka?"

Waiyego akavua miwani. Kanisa zima lilijua habari ya paa hilo. Upepo wa mwaka uliopita uliling'oa ukayatupa mabati hadi kwenye shamba la mahindi la jirani, na akina mama wakauza chai na mandazi msimu mzima kabla ya kuliezeka upya.

"Ni maneno tu," alisema. "Hakuna kitu kitang'oka."

"Maneno tu?"

"Ndivyo mabango huandikwa."

Mama Vivian aliliweka bango juu ya printa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na yale uliyoandikia mzee wangu tukimzika? Nguzo ya jamii, kipenzi cha wote. Hayo pia ilikuwa maneno tu?"

Waiyego aliangalia benchi la wateja. Nje pikipiki zilipita na kelele zake. Mwishowe akasema, "Mzee nilimjua. Alikuwa anakaa hapo kwa benchi asubuhi anasoma gazeti langu, halafu ananiambia halina kitu. Akitoka shambani ananiletea maziwa ya mursik kwa kibuyu kidogo, anasimama hapo mpaka nionje."

"Mbona hiyo hukuandika?"

"Hakuna mtu aliniambia niandike hiyo. Mlitaka nguzo, nikaandika nguzo."

Mama Vivian akaketi kwenye benchi. Alipangusa macho kwa ncha ya leso.

"Niitie hao vijana," akasema hatimaye.

Walikuja haraka, wakasimama mlangoni kama wanafunzi wa kuadhibiwa. Mama Vivian akashika bango, akauliza neno kwa neno. Ziara ni gani? Wakaeleza habari ya banda. Walitetemesha nani Sugoi? Kimutai akakiri kwamba ng'ombe mmoja alikuwa amekataa kukamuliwa siku mbili. Na majabari ni akina nani? Wamalwa, mwembamba kuliko wote, akainamisha kichwa.

"Mtapata ukumbi," Mama Vivian alisema. "Lakini Waiyego ataandika ukweli."

"Ukweli hauwezi leta watu, mama," Kigen alilalamika.

"Basi mkae banda na ng'ombe zenu."

Waiyego akavaa miwani, akaandika upya. "Vijana watatu, Kigen, Kimutai na Wamalwa, watapiga gitaa na ngoma ukumbini Jumamosi mchana. Hamjawahi kuwasikia. Wana kelele kidogo. Paa litabaki mahali pake." Ilimchukua muda mrefu kuliko lile la kwanza. Kigen alilipokea kama mtu aliyepewa matokeo mabaya ya mtihani.

Jumamosi watu walikuja, si wengi, wengine kwa sababu bango liliwachekesha. Radi Kavu walipiga vibaya, kisha vibaya zaidi. Mama Vivian alisimama mlangoni akiangalia juu kila ngoma ilipogongwa. Halafu Kimutai akaimba wimbo wa polepole, kwa Kikalenjin, juu ya mamake anayeamka gizani kwenda kukamua. Watu waliokuwa wanaongea wakaacha. Hata Mama Vivian akateremsha macho. Waiyego alikuwa nyuma kabisa, amevua viatu, amekiegemeza kichwa ukutani. Usingizi ulimchukua hapo hapo, akalala hadi viti vilipoanza kupangwa.

Jumatatu Kigen akarudi kibandani, uso umeng'aa.

"Mathe, andika hii: 'Mama mmoja alizimia kwa utamu wa muziki.'"

"Nililala, Kigen."

"Ni karibu sawa."

Waiyego alimtazama, akachoka hata kubishana. Akamsogezea kibodi. "Andika mwenyewe."

Kigen akaandika kwa kidole kimoja, ulimi nje. Aliandika "alisimia". Waiyego akanyoosha mkono, akasahihisha herufi moja, akabonyeza printa, kisha akaenda kuchemsha maji ya chai.