Jiwe Lililorushiwa Ndege

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya benki, hapa Dar es Salaam, nikihamisha uzito mguu huu na mguu ule. Mimi na foleni hatujawahi kupatana. Nikainamisha macho, na pale sakafuni, kwenye kigae cha jiwe lililosuguliwa mpaka likang'aa, nikaona kitu kimejizungusha kama ngata ya kubebea maji. Niliiacha foleni palepale. Nikapiga magoti, na magoti yangu unayajua, nikaanza kukipapasa kwa kidole nikitafuta mishono. Askari wa mlangoni akanijia mbio. "Shikamoo mama, umedondosha nini?" Nikamwambia sijadondosha kitu, akanitazama kwa huruma, akanisaidia kuinuka. Nilirudi nyumbani bila kufanya kilichonipeleka, na tangu siku hiyo sijatulia. Hebu nikusimulie, labda nitalala.

Turudi Ifakara, miaka ya hamsini, mimi nikiwa darasa la nne. Mtu ambaye hajaishi bonde la Kilombero hajui jambo moja: bondeni hakuna mawe. Ni udongo mweusi mtupu, ule unaoletwa na mto kila masika, ukichimba unakuta udongo, ukizidi kuchimba unakuta maji. Mafiga yetu tuliyafinyanga kwa udongo wa kichuguu. Jiwe la kunolea panga lilitoka huko milimani, upande wa Sanje, na mwenye nalo aliheshimiwa na mtaa mzima. Mtoto akiokota jiwe linaloenea kiganjani alilificha hata kwa ndugu yake.

Tulikuwa na sababu. Mpunga ukianza kutia maziwa, kweleakwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, walishuka wingi wao, na shamba la mwaka mzima likaweza kwisha asubuhi moja. Kwa hiyo tulihamia shambani kuamia ndege. Tulishinda juu ya dungu, jukwaa la miti lililosimama katikati ya mpunga, kuanzia alfajiri ya umande mpaka jua linazama, tukipiga madebe, tukipayuka, tukirusha kwa kombeo. Risasi zetu zilikuwa vidonge vya udongo tulivyovianika juani, na nusu yake vilipasukia hewani. Chakula kilikuwa pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, na kambale wa kubanika ambaye moshi wake ulikaa kwenye nguo wiki nzima. Wenzangu walilipenda dungu. Mimi nilijikuna, nikapanda, nikashuka, nikaanguka. Bibi alisema nimezaliwa na siafu ndani ya nguo.

Bibi mwenyewe alikuwa na mkono. Sijui nikuelezeje. Mwanamke mwembamba, mzee, mwenye kikohozi, lakini akizungusha kombeo lile la katani hata vijana walinyamaza. Alikuwa na msemo wake: "Ndege hasubiri uchague." Kilicho karibu ndicho kilichorushwa.

Sasa katika mwaka huo akaja kutufundisha mwalimu kijana, mtu wa upande wa Lindi. Alishuka kwenye lori na sanduku moja la nguo na gunia moja. Gunia lilipotua chini tuliisikia ile sauti, darasa zima tukaangaliana. Mawe! Kuna mtu ameleta gunia la mawe Ifakara. Sisi tulidhani ni mtu mwenye mashamba mengi.

Kumbe yalikuwa makombe ya baharini, kama ya konokono. Au yalikuwa makombe zamani za kale, yakageuka mawe ardhini huko kwao, na yeye alikuwa akiyaokota tangu utoto kwenye makorongo. Alituambia wenye makombe hayo walikuwa wanyama wa baharini, ndugu zao pweza na ngisi, wenye miguu iliyoota kichwani. Sisi wa kambale na perege tulicheka mpaka tukakemewa. Nilipomsimulia bibi, aliuliza kama mnyama huyo akitaka kukaa anakalia nini.

Mwalimu alitaka tuyagawe kwa koo. Kwanza tuliyagawa kwa rangi, akakataa. "Rangi ni ya udongo uliomlaza," alisema, "si yake." Tukayagawa kwa ukubwa, akakataa vilevile, maana mtoto na baba yake ni ukoo mmoja. Kuna walioyagawa kwa ubora wa kurusha, na hao sitawataja. Halafu akatufundisha kutazama. Tazama mzunguko, umebana au umelegea. Tazama kitovu, pale katikati mzunguko unapoanzia, kipana au kimefumbwa. Hesabu mbavu, uone kama zimenyooka au zinagawanyika panda zikifika mgongoni. Pitisha kidole mgongoni, kuna ukingo au ni mviringo. Mwisho tazama mishono. Ndani ya kombe kulikuwa na vyumba, mnyama akikua anahamia chumba kipya na kujenga ukuta nyuma yake, na pale ukuta unapogusa kombe panabaki mstari. Kwenye karibu mawe yote mstari ule ulikuwa na vikunjo vikunjo, umekatwakatwa kama kingo za jani la mpapai.

Isipokuwa jiwe moja. Hilo lilikuwa nene, laini, halina mbavu, na mishono yake ilipita imepinda polepole tu, bila kikunjo hata kimoja. "Huyu si ukoo wao," mwalimu alisema, akilishika kwa mikono miwili. "Huyu ni mjomba aliyekuja kuwatembelea."

Jiwe hilo ndilo lililobeba maisha ya mwalimu. Mzungu mmoja wa serikali, mtaalamu wa mawe, alikuwa amepita kwenda Mahenge. Alikuwa amemwahidi mwalimu, bila kuyaona mawe, kwamba akirudi atayakagua, na akiona kweli mwalimu ameyatenganisha sawasawa, na huyo mjomba amo, atamchukua akasomee kazi ya mawe. Mwalimu alitueleza haya waziwazi, akitembeatembea darasani, chaki ikivunjika mkononi. Nilimpenda mwalimu yule kwa sababu naye hakuweza kukaa. Nilitaka apate. Nilitaka pia asiondoke. Usiniulize mtoto anawezaje kutaka yote mawili, mimi nilitaka.

Ubaya ni kwamba ndege hawakujali habari za Mahenge. Nusu ya darasa tulikuwa mashambani, na mwalimu badala ya kutuchapa akatufuata. Alikuja kwenye shamba la bibi, kule kuelekea mto Lumemo, na mawe yake kwenye kapu, akapanda dungu, tukaendelea kuyapanga pale juu huku tukipokezana kupiga debe. Bibi alimkaribisha pepeta. Alimwita "mwanangu". Kapu lake la vidonge lilikuwa hapa, kapu la mwalimu lilikuwa hapa.

Umekwishajua.

Walitokea upande wa jua, kwa hiyo hatukuwaona. Tulisikia tu ule uvumi wa mabawa, na mpunga wa upande wa chini ukainama wote kwa mpigo. Bibi aliinuka, mkono ukaingia kapuni, kombeo likazunguka. Kilichorushwa kilitoka na mlio ambao kidonge cha udongo hakijawahi kuutoa. Ndege walinyanyuka wote, sijaona tena kundi likikimbia vile. Bibi akageuka akitabasamu, akakuta mwalimu amesimama mikono kichwani.

"Mama," alisema taratibu, "umemrusha mjomba."

Bibi aliliweka kombeo chini. Aliangalia kapu, akaangalia shamba lake, ule mpunga uliobakiza siku chache tu uvunwe kwa kisu, suke kwa suke, kama tulivyovuna siku zile bila kudondosha punje. Kisha akasema, "Ingieni."

Mwalimu alikataa. Bibi akashuka yeye wa kwanza, akakanyaga. Tukaingia wote tuliokuwepo, bega kwa bega, tukipapasa matope kwa miguu na mikono, na nyuma yetu mpunga ulilala kana kwamba viboko wamepita. Majirani walikuja kutazama kichaa gani kimeingia, wakaambiwa, wakacheka, wakaingia nao. Tulitafuta siku hiyo na kesho yake. Kila kitu kigumu kilikuwa mzizi, au kobe, au kidole cha mwenzio. Bonde halina mawe, nimekwambia. Likipata moja halirudishi.

Mtaalamu alirudi kutoka Mahenge barabara zikiwa zimekauka. Mawe yalikuwa yamepangwa juu ya madawati, ukoo kwa ukoo, na sisi tumesimama nyuma tukiwa tumepakwa mafuta. Aliyageuza moja moja. Alikuwa anajua Kiswahili, cha kwake. Alisifu mbavu, alisifu vitovu, alimpa mwalimu mkono. Halafu akauliza, "Na yule wa mishono rahisi?"

"Nimelipoteza mimi, bwana," mwalimu alisema.

Bibi alikuwa mlangoni, amejifunga kanga ya kanisani, jogoo kwapani. Hakuna aliyemwita. "Usinisemee uongo, mwalimu," alisema. "Bwana, jiwe nilirusha mimi. Ndege walikuja."

Mtaalamu alimtazama bibi, akamtazama jogoo, akacheka. Hakucheka kwa ubaya, nataka nimtendee haki. Lakini nilimwona akifunga mfuko wake, nikajua hakuamini kwamba jiwe lilikuwepo. Alidhani ni kijana aliyetaka kazi akaongeza chumvi, na kijiji kimemsaidia. Akasema atapita tena. Alikubali jogoo. Hakupita tena.

Mwaka ule tulikula mihogo. Bibi hakuwahi kulalamika juu ya mpunga, ila aliacha kombeo. Alilitundika ukutani, akawa anafukuza ndege kwa sauti yake iliyokwisha nguvu, na mimi ndiye niliyerusha. Mwalimu alibaki. Alinivusha mtihani wa darasa la nne, mimi ambaye sikuweza kukaa kwenye dawati, akaja nyumbani kumwomba baba aniruhusu niendelee na shule. Wengi kama mimi aliwavusha. Alioa hapohapo, alilima mpunga hapohapo, na aliamia ndege vibaya sana, mpaka alipozikwa.

Nilipokwenda mazishini nililitafuta shamba. Dungu siku hizi huoni, kombeo watoto hawalijui, na kule tulikopiga madebe kuna nyumba za bati na redio. Mbegu ya mpunga ule mrefu wa bibi sikumkuta hata mmoja aliyenayo. Nilisimama pale njiani kiatu kikinibana, sijui nitazame wapi. Watu walipita wakiniamkia.

Uzeeni mwalimu alikuwa na mzaha wake mmoja, kila nilipokwenda kumsalimia. Alisema ipo siku wasomi watachimba Ifakara, watamkuta mjomba amelala kwenye tope, wataandika kwamba zamani bahari ilifika mpaka huku. "Na hakutakuwa na mtu wa kuwaambia," alisema, "kwamba ilikuwa ni bibi yako na ndege." Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, akaniuliza habari za watoto wangu. Mimi nilikuwa nikisikiliza kama atasema kwamba angependa kwenda na yule mtaalamu, akasomee mawe. Hakusema, nami sikuthubutu kumuuliza, kwa sababu kama angejibu ndiyo, ningefanya nini na furaha niliyoipata asubuhi ile gari la mtaalamu lilipoondoka bila yeye?