Mafuta ya Mbarika

Leo muuza dawa alifungua chupa ya mafuta ya mbarika, harufu ikanipata, nikasahau kuomba apunguze bei.

Bibi alikuwa mkunga Msambweni, na mafuta hayo aliwawekea wanawake wa kujifungua. Mjomba, mwanawe, akayaomba ya kutia kwenye injini ya pikipiki yake, akashindane na nyingine nane kwenye matope ya mashamba ya miwa.

"Ukivunjika shingo sikuungi," Bibi akamwambia, lakini chupa akaitoa.

Siku ya mashindano Bibi alijifunika macho kwa leso. Moshi ukapita ukinuka chumba cha uzazi.

"Amefika?"

"Amefika, Bibi. Mzima."

"Wa ngapi?"

Nilikuwa nimehesabu mara mbili, na mara zote alikuwa wa tisa. "Wa tatu," nikasema, nikimpunguzia sita.

Bibi akafunua jicho moja. "Na hao wawili wa mbele, walitia mafuta ya nani?"