Sanduku la Mama Mkwe

Jumamosi, kwa seremala mmoja wa mtaa wa Hai Jalaba, Juba, nilimkuta kijana akifuta jasho. Alikuwa amemwahidi mama wa mchumba wake sanduku la mahogani. Alichomudu ni plaiwudi, iliyobandikwa juu ganda la mahogani jembamba kama karatasi.

Mama akafika. Alipapasa mfuniko, akaunusa, akaugonga kwa kidole.

"Hii iko mahogani?"

"Mahogani kabisa, mama," kijana alijibu. Fundi akainama kutazama randa yake.

Mama akainua pembe moja. Sanduku likainuka kama kikapu kitupu. Kijana alifumba macho.

"Muongo wewe!" Kisha mama akalipandisha kichwani, akazunguka nalo karakana mara mbili. "Ile ya mahogani yenyewe niliacha hapa Juba wakati wa kukimbia vita kwenda Uganda. Ilinishinda kubeba. Hii nitakimbia nayo. Msichana utapata."

Marehemu mke wangu naye aliacha kabati zito hapa, akalisikitikia miaka yote ya ukimbizini. Angecheka.

Redio inasema amani imekuja kukaa. Mama yule anaiamini, ila samani zake anazichagua nyepesi.