Fomu Iliyotaka Watu Kumi

Nilirudi Kakamega na diploma ya maabara za tiba, na sioni sababu ya kulisema jambo hili kwa sauti ndogo. Nilianza kazi hospitalini kama mwosha chupa. Kwa miaka minne niliosha chupa za mkojo na za makohozi, na wakubwa wa maabara walipokwenda kula mimi nilibaki nikisoma vitabu vyao. Nafasi ya kusoma ng'ambo nilijitafutia kwa barua nilizoandika kwa mkono wangu, zaidi ya hamsini. Hakuna mjomba aliyeniinua wala diwani aliyenisemea. Nilikaa miaka mitatu katika mji wa baridi ambao jua lake halikaushi hata leso, nikafaulu, nikarudi nyumbani. Huko kwetu Bukura watu wenye vyeti vya kilimo walikuwa wengi, kwa sababu ya chuo cha kilimo kilichokuwa pale. Mwenye cheti cha kusoma damu nilikuwa mimi peke yangu, na nyumba ya matofali yenye sakafu ya saruji niliyoijenga katika boma la marehemu baba ilikuwa ya kwanza upande ule wa mto.

Mwaka wa pili tangu nirudi, katikati ya miaka ya tisini, rafiki niliyesoma naye ng'ambo alinitumia bahasha nene. Ndani mlikuwa na tangazo la taasisi moja ya huko. Walitafuta watafiti kutoka nchi kama yetu wanaotaka kuchunguza jinsi pombe inavyoushika ubongo wa mtu hata asiweze kuiacha. Atakayechaguliwa angesomeshwa mwaka mzima. Akirudi kwao angepewa fedha za utafiti, mashine ya kuzungusha damu, friji, na majarida ya sayansi kila mwezi bila malipo. Niliisoma nimesimama posta, watu wakinipita kwenda dirishani, nikajua kwamba nafasi ile ilikuwa yangu. Nani mwingine? Chang'aa ilikuwa imekula vijana niliosoma nao, mmoja mmoja, na katika wilaya nzima sikumjua mtu aliyeweza hata kulitamka jina la ugonjwa ule kwa Kiingereza.

Fomu ilikuwa na kurasa nyingi. Mahali pamoja iliuliza ni ujuzi gani na nyenzo gani kuhusu tatizo hili zilizopo katika eneo la mwombaji. Niliandika kwa wino: Hakuna, isipokuwa mwombaji.

Kisha walitaka kazi ya majaribio. Mwombaji atafute watu kumi wanaokunywa kila siku, awapime damu, kumbukumbu na wepesi wa mikono, baada ya siku tano bila pombe. Karatasi ya mwisho ilikuwa na kichwa kilichosema kwamba ni maelezo kwa wasaidizi wasio na mafunzo. Hiyo niliirudisha ndani ya bahasha.

Watu tisa niliwapata wodini, bila taabu. Walevi huvunjika miguu, hukatwa mapanga, huanguka na baiskeli mitaroni. Niliwapima waliokuwa wamelala wiki nzima au zaidi, mbali na vibanda vya pombe. Seremala wa sokoni alinitengenezea ubao wenye matundu ishirini na vijiti ishirini, na mgonjwa alitakiwa kuvichomeka vyote huku nikitazama saa yangu ya mkononi. Walifanya vibaya, kama nilivyotarajia. Niliona madaktari wakiwapa vidonge asubuhi na jioni, lakini sikuuliza ni vya nini. Sisi wa maabara tunaletewa damu. Mambo ya kitandani ni ya wengine.

Mtu wa kumi hakupatikana. Bahasha ilipaswa kupita posta Jumatatu ya wiki iliyofuata. Nikachukua likizo, nikaenda nyumbani kwa kaka yangu.

Kaka alikuwa fundi wa baiskeli. Kabla ya pombe kumtawala, watu walimletea magurudumu kutoka mbali, maana aliweza kulizungusha gurudumu, kuisikiliza ringi ikipita karibu na sikio lake, na kukuambia ni spoku ipi imelegea. Nilimkuta Jumapili chini ya upenu wake, baiskeli imepinduliwa matairi juu, yeye kando yake kwenye kigoda. Mke wake alikuwa akichambua mboga mlangoni. Nilimweleza habari ya nafasi ile, nikamwekea ubao magotini.

"Huu ni mchezo wa watoto wa nasari," alisema.

"Fanya tu."

Akafanya. Vijiti viliingia kimoja baada ya kingine kama mbegu shimoni. Nilitazama saa, nikaitazama tena. Hakuna hata mmoja kati ya watu wangu tisa aliyemkaribia.

"Sasa wewe," akasema, akinisukumia ubao.

Nilifanya. Alinishinda.

"Mama watoto, njoo uone," akaita, bila kunyanyua sauti sana. "Diploma imeshindwa na spana."

"Umekunywa leo?" nikamuuliza.

"Si lazima nitoe loki? Hii mikono inatakanga kitu asubuhi. Bila hiyo hata kijiko sishiki."

Kutoa loki ndivyo wanywaji wa kwetu walivyoita tone la asubuhi, lile linalomwezesha mtu kusimama na kuonekana mtu. Nilimwambia kwamba kwa sababu hiyo jaribio lake halihesabiki. Nilitaka siku tano kavu, kisha apimwe tena.

Alicheka. "Siku tano tu? Nimewahi kukaa bila nyama zaidi ya hizo."

"Utaweza?"

"Mdogo wangu, nafasi ni yako ama si yako?"

"Ni yangu."

"Basi nitakaa."

Jumatatu asubuhi nilimhamishia katika nyumba yangu ili nimwone saa zote. Mke wake alitufuata hadi mlangoni, mikono imeshika kanga kiunoni.

"Shemeji, unamnyima ghafla hivyo? Huyu mtu hupunguziwanga. Kuna vile mimi nilifanyanga..."

"Shemeji," nilimkatiza, "hii ni sayansi. Imeandikwa siku tano."

Alikuwa mwanamke aliyeishia darasa la tatu, na mimi nilikuwa nimemaliza kusema.

Siku ile ya kwanza kaka alitetemeka na kutania. Aliniomba niandike kwenye daftari kwamba chai yangu ni mbaya kuliko ya mkewe. Jumanne utani ulikwisha. Alitoka jasho hadi godoro likalowa, akatapika uji, akawa anashtuka kuku akipita nje. Mchana mke wake alileta chupa ndogo ya soda aliyoificha ndani ya kanga. Ndani yake mlikuwa na chang'aa kidogo, haijafika hata robo ya chupa.

"Atoe loki tu, shemeji. Si alewe. Mikono itulie."

Kaka aliitazama ile chupa jinsi mtoto anavyomtazama mama yake akiondoka. Niliichukua, nikatoka nayo, nikaimwaga kwenye mizizi ya ndizi. Niliporudi alikuwa amejigeuza ukutani.

"Umeimwaga?" aliuliza.

"Nimeimwaga."

"Sawa. Ulisema tano."

Jumatano asubuhi alianza kuona siafu wakishuka ukutani, akawa anawapangusa miguuni. Nyumba yangu haikuwa na siafu. Kisha akamsalimia baba, ambaye alikuwa amekufa zaidi ya miaka kumi, akamwomba asogee kwa sababu ameketi juu ya pampu. Mke wake alisimama dirishani akilia. Alinisihi tumpeleke hospitali. Mimi niliketi kwenye kiti changu na daftari langu, nikaandika saa na kila alichosema, kwa maneno sahihi. Niliamini nilikuwa nikiona kitu ambacho kitabu kilinisimulia tu. Nilimwambia shemeji asiogope, pombe inatoka, kesho atapata nafuu.

Saa sita mchana aliinuka kitandani ghafla kama mtu aliyeitwa, macho yakapanda juu, akaanguka kwenye ile sakafu yangu ya saruji na kifafa kikamkamata. Hakuwahi kuwa na kifafa maishani mwake. Kilipokwisha alipumua kwa kukoroma, hakutujua. Tuling'oa mlango kwenye bawaba, tukambeba juu yake hadi barabarani. Pikapu iliyobeba mikebe ya maziwa ilisimama, tukapanda naye nyuma, mimi nimeshika kichwa, mkewe ameshika miguu. Kifafa kilirudi njiani. Kilirudi tena. Mikebe iligongana kwa nguvu hata sikuweza kusikia kama bado anapumua, na mimi ndiye niliyesoma mahali pa kuweka vidole shingoni kuutafuta mshipa. Niliviweka. Kabla hatujauona mji nilikuwa nimekwisha kujua, lakini sikumwambia mkewe hadi tulipofika.

Daktari aliyetupokea tulifahamiana. Alimfunika, akanivuta kando.

"Alikunywa lini mara ya mwisho?"

"Jumapili jioni. Mimi ndiye niliyemzuia."

"Ulimpa nini badala yake?"

"Chai. Uji."

"Wale tisa wako wa wodini tuliwapa vidonge siku zote zile. Ulifikiri ni vya malaria?"

Nilitoa ile bahasha mfukoni mwa koti, maana nilitembea nayo kila mahali, nikamwonyesha palipoandikwa siku tano. Hakugombana nami. Alizigeuza karatasi taratibu hadi ile ya mwisho, ya wasaidizi wasio na mafunzo, akaisoma, akanirudishia ikiwa juu ya nyingine. Mstari wa tatu ulisema kwamba mtu anayekunywa kila siku asikatishwe pombe kwa ghafla nje ya hospitali, kwani anaweza kufa.

Tulimzika Jumamosi. Watu walisema pombe imemuua, na mhubiri akasema hivyo hivyo, akawaonya vijana. Mimi nilikuwa nimekaa mbele na suti yangu ya ng'ambo. Sikumsahihisha.

Jumatatu ya posta ilipita. Jumanne, siku ya tatu baada ya mazishi, tulinyolewa nywele kama desturi yetu inavyotaka kwa waliofiwa. Wageni walipotawanyika nilimkuta shemeji nyuma ya jiko, kichwa kitupu, akipukuchua mahindi. Niliketi juu ya gunia. Nilitaka kumwambia nilichokisoma kwenye ule mstari wa tatu. Nilimwambia. Aliendelea kupukuchua.

"Ulipokuwa ng'ambo, aliacha," alisema mwishowe.

"Aliacha nini?"

"Pombe. Tangu kupanda hadi kuvuna. Alitengeneza baiskeli zote za walimu wa chuo, hata akanunua hii mabati unayoiona hapa jikoni."

"Aliachaje?"

Aliweka gunzi chini. Akaingia jikoni, akatoka na mkebe wa majani ya chai uliojaa vifuniko vya soda, akanimiminia vichache kwenye kiganja.

"Nilimpimia chang'aa kwa hivi. Kumi na viwili asubuhi, kumi na viwili jioni. Kila siku ya tatu naondoa kimoja. Akitetemeka sana siondoi, nangoja. Na uji wa wimbi mzito, na maji yenye chumvi na sukari. Ilichukua zaidi ya mwezi."

"Nani alikufundisha?"

"Nyanya yangu. Alikuwa mpishi wa chang'aa. Alijua kuwaingiza, alijua na kuwatoa."

Nilivitazama vile vifuniko. Vingine vilikuwa na kutu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia, shemeji. Ukasema ni sayansi."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayejibu swali. Akachukua gunzi lingine.

Fomu ile sikuipeleka posta, si wiki ile wala baadaye, ingawa rafiki yangu aliandika mara mbili kwamba wangepokea hata iliyochelewa. Ningeweza kuijaza safu ya kumi. Tarakimu nilikuwa nazo za Jumapili, na zilikuwa nzuri kuliko zote. Bado ninayo, pamoja na diploma, na lile jibu langu la wino bado limo.

Siku ile nyuma ya jiko nilitoa daftari mfukoni, nikamwomba aanze upya, tangu kifuniko cha kwanza, polepole, niandike. Alinitazama kuona kama nafanya mchezo. Kisha alipangusa mikono kwenye kanga, akaanza. Daftari lilikuwa lile lile. Nilipolifungua, ukurasa wa kushoto ulikuwa umejaa mwandiko wangu wa Jumatano, na mstari wa chini kabisa ulisema: saa tano na nusu, anaongea na baba, ubongo unajisafisha.