Boko boko la Jumanne

Boko boko ni chakula cha Idi. Ni chakula cha harusi na cha mgeni aliyetoka Maskati baada ya miaka kumi. Ngano unairoweka tangu usiku, asubuhi unaiteleka pamoja na nyama, na ukishaiteleka umejifunga mwenyewe: utakaa na mwiko unaponda na kusonga mpaka ngano na nyama zisijuane. Bado samli, bado vitunguu vya kukaanga vya kumwagia juu. Mtu mwenye kazi yake hapiki boko boko siku ya Jumanne. Wifi yangu alilipika Jumanne. Wiki ya pili yake akalipika Jumatano, nikaapa moyoni kwamba ananifanyia kusudi.

Wifi huyu ni dada wa mume wangu, kamzidi miaka minne. Aliachwa na mumewe, hakujaaliwa mtoto, akarudi kwenye uwanja wa wazee wao, nje kidogo ya Chake Chake katika njia ya Pujini, akaingia kwenye vyumba viwili vilivyokuwa tupu tangu mama mkwe wangu afariki. Sisi tulikuwa nyumba ya pili, uwa mmoja. Mlango wa jiko lake na wa langu ilitazamana, hatua kumi na mbili baina yake. Nazijua kwa sababu nimezihesabu, jioni nilizokuwa nimekaa kwangu nikiwatazama wanangu wakizivuka.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na miaka hiyo nilisomesha mikondo yote miwili, wa asubuhi na wa mchana. Kengele ya mwisho ikilia, jua limeshainama. Nikifika nyumbani, muadhini anaadhini magharibi. Nina watoto watatu: wa kiume wawili, na wa mwisho wa kike ambaye wakati ule alikuwa na miaka sita. Nilikuwa nawakuta washarudi chuoni kusoma Kurani, juzuu zimetupwa kitandani, njaa imewapanda kichwani. Chakula changu cha siku za kazi kilijulikana. Wali wa nazi, samaki niliyemtia ndimu na chumvi asubuhi kabla sijatoka, na mchicha. Nikichoka sana, boflo, mayai na chai ya tangawizi. Dakika arobaini chakula kipo mkekani. Nilijivunia zile dakika arobaini, na mpaka leo nazitetea. Jioni ya siku ya kazi mtoto anataka kula mapema, aandike alichopewa skuli, alale. Hataki karamu. Ndivyo nilivyokuwa nikiamini kabla wifi hajahamia.

Yeye hakuwa na haraka na chochote. Pweza alimpiga juu ya jiwe la uani, paa, paa, paa, mpaka nikahisi ananipiga mimi, kisha akamchemsha mchana kutwa ndiyo amtie tui. Mkate wa kumimina aliupiga kwa mkono mpaka unga uote mapovu. Nazi aliikuna mwenyewe juu ya mbuzi, tui la kwanza mbali na la pili mbali, wakati mimi nakata pakiti kwa meno. Siku ya Jumatatu, jamani, mtu anapika sambusa!

Wa kwanza kuhama alikuwa mkubwa. "Nshakula kwa shangazi," aliniambia, akapita zake kwenda kuchukua daftari. Siku ya pili yake wa kati. Niliwaachia, kwa sababu wale ni wavulana, na wavulana hufuata harufu. Lakini yule wa kike nilimdhania wangu. Alikuwa akinisubiri kibarazani, akishika mkoba wangu wa vitabu, akikaa pembeni yangu nikikaanga samaki na kunisimulia ugomvi wote wa darasani kwao. Jioni moja nikaandaa wali, nikamwita. Alikuja. Akakaa vizuri, akasema bismillahi, akala tonge mbili, akafuta mkono. Mdomo wake ulikuwa unang'aa samli.

"Mama, chako kitamu," akaniambia.

Ningependelea aseme kibaya. Zile tonge mbili alizila kwa heshima, kama mtu aliyepita kutusalimia, na mimi mama yake nikabaki na sufuria ya wali mbele yangu. Nilimwonea wifi yangu wivu, na nasema wivu bila kuutafutia jina la adabu. Nilitaka kitu kimoja tu: watoto wangu wale kwangu. Mengine yote angeweza kuchukua, hata kaka yake.

Na huyo kaka yake hakunisaidia. Nilipomlalamikia, alinitazama kama asiyeelewa. "Sasa si watoto washashiba?" akasema. "Wewe umechoka, umepata msaada, unalia nini?" Yeye mwenyewe alikuwa akirudi kutoka msikitini njia ya kule, na akifika kwangu anakula taratibu, mtu mwenye tumbo zito.

Kilichonimaliza zaidi ni sahani. Wifi hakunisahau na mimi. Kila alichopika aliniletea fungu langu, limefunikwa kwa sahani nyingine. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Aliyekuletea biriani, umrudishie walau kitu kinachojua kusimama mbele ya biriani. Basi ningerudisha na nini? Yai la kukaanga? Nikawa naziosha naziweka kabatini, nikijiambia Ijumaa nitapika kitu cha maana. Ijumaa ikija nina mitihani ya kusahihisha, nyingine kuna maziko, nyingine nimelala tu. Sahani zikaongezeka. Kila nikifungua kabati zinanitazama, za maua mekundu, za ukingo wa dhahabu, vyombo vya mama mkwe wangu vyote, na mimi nafunga mlango haraka.

Halafu jioni moja binti yangu akaja kutoka kule amebeba kitu kwa mikono miwili, anatembea pole pole kisimwagike. Boko boko lilikuwa ndani ya mfuniko wa sufuria uliogeuzwa juu chini.

"Shangazi kasema umsamehe," akaniambia. "Sahani zimemwishia."

Mume wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kesho yake nilinunua pakiti za biskuti dukani, nikazigawa kwenye sahani kumi na moja, nikawatuma watoto wazipeleke kwa mafungu. Wifi akaja mlangoni kwangu kunishukuru. "Ahsante, wifi, umejisumbua bure." Nilimtazama usoni nitafute kejeli, niione tu, nipate sababu. Sikuiona. Hasidi hana sababu, wanasema, na mimi hata ya kusingizia niliikosa.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu. Nikasema na mimi nitapika boko boko, siku ya kazi hiyo hiyo, tuone. Nikaroweka ngano. Nikaamka kabla ya alfajiri, nikateleka, nikaponda mpaka saa ya kutoka. Nilipofika darasani chaki naiandikisha mistari ya mlevi, wanafunzi wanacheka. Niliacha sufuria juu ya makaa, nikamwagiza mume wangu atie maji kila baada ya muda. Akatia mara moja, yote kwa pamoja. Nilirudi magharibi nikakuta ngano chini, maji juu, nyama inaelea. Nikakaa na mwiko na nguo zangu za skuli. Naponda, haishikani. Naongeza moto, inashika chini. Mdogo analia njaa, wa kati kalala juu ya daftari, mkubwa anauliza, "Mama, si tule boflo tu?" Adhana ya isha ikanikuta hapo hapo, na machozi yananitoka, nikisema ni moshi.

Wifi akavuka uwa. Alichuchumaa pembeni yangu, akanichukulia mwiko mkononi, akamwaga maji ya juu, akapunguza makaa, akaanza kuponda kwa ule mtindo wake wa kuvuta kutoka pembeni kuja kati. Nilimwachia kwa sababu sikuwa na nguvu ya kumkatalia. Baada ya nusu saa boko boko lilikuwa boko boko. Tukapakua. Binti yangu akatia tonge mdomoni, macho yakamfunguka.

"Mama!" akaniambia kwa furaha. "Limekuwa kama la shangazi!"

Wifi akasema, "Ni la mama yako hilo, mie nimekoroga tu." Akaondoka, hakuonja hata kidogo.

Nilijua kwa nini anapika vile. Sikuwa mjinga. Mtu hana mume, hana mtoto, hana kengele ya kumwita mahali. Asubuhi mpaka magharibi ni saa kumi na mbili, na lazima azitie ndani ya kitu. Nilijua kwamba hatua zile kumi na mbili ndizo alizokuwa akizingojea mchana kutwa. Nilijua, na kujua hakukunipunguzia hata chembe. Mie nina watoto watatu wa tumbo langu na ninamhusudu mwanamke aliyekuwa na sufuria tu.

Miezi miwili baada ya hapo, siku ya Jumamosi, wifi akiwa kaenda mjini, ilipigwa hodi. Walikuwa wanawake wawili watu wazima, mabuibui mazuri, wametoka Tumbe. Tukasalimiana mpaka tukamaliza, nikawapa maji, wakanywa, wakanisogelea. Nikafahamu. Kuna ndugu yao, wakasema, mfanyabiashara wa samaki, mtu mzima, kafiwa na mkewe. Kasikia habari za wifi yangu. Kabla posa haijaletwa kwa wanaume, wao wamekuja kuuliza kimya kimya, kama inavyoulizwa.

"Tumekuja kwako kwanza," alisema yule mkubwa wao. "Mama atamsifu mwanawe, jirani ataogopa kusema. Lakini wifi, mwanangu! Wifi akiwa na la kusema hulisema. Hebu tupe, kakaaje?"

Nakumbuka nilichokifikiri, neno kwa neno. Nilifikiri: Tumbe. Tumbe ni kule juu kabisa, umepita Wete, umepita Konde, kisiwa kinakaribia kukwisha. Kutoka Tumbe hakuna sahani inayofika kwangu ikiwa ya moto.

Nikaanza kumsifu. Nikasema ni mtu wa sala na wa stara, sijamsikia akigombana na mtu. Nikasema ana mkono wa jiko ambao Pemba hii utautafuta. Nikawatajia pweza, nikawatajia sambusa, nikawaeleza boko boko linavyovutika. Nikasema hata mimi yamenifika, akanipokea mwiko bila kunitia aibu. Nikasema watoto wangu wanampenda kuliko chochote. Sikutia chumvi mahali popote, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno nilikuwa namsukuma nalo atoke.

Wale wakubwa wakatazamana. "Aisifuye mvua imemnyea," akasema mmoja. Wakainuka wameridhika.

Posa ikaja, mume wangu akakubali, wifi mwenyewe akaulizwa akaridhia. Ndoa ilifungwa baada ya sala ya alasiri, shughuli ndogo, kama zinavyokuwa za mtu aliyekwisha kuolewa. Alijipikia biriani ya harusi yake mwenyewe, watu hawakuweza kumtoa jikoni. Gari ya Tumbe ilipokuja, alivuka uwa akaingia kwangu peke yake, yuko ndani ya kanga mpya, mikono ina hina. Akanishika mabega.

"Wale wakubwa wameniambia," akasema. "Wameniambia wifi yako ndiye aliyekuoza. Weye ndiye ulonisema vizuri." Machozi yakaanza kumtoka. "Na mie miaka yote hino nkidhani hunipendi. Nisamehe, wifi. Nilikudhania vibaya."

Angenipiga kibao ningejua la kufanya. Nilimwambia, "Hebu usilie, wifi, gari inakungoja." Nikamsindikiza mpaka barabarani. Binti yangu aling'ang'ania buibui lake, ikabidi baba yake ambebe.

Wiki iliyofuata nilirudi skuli kama kawaida, nikafika nyumbani magharibi, nikapika wali, samaki na mchicha. Dakika arobaini. Watoto wangu watatu walikuwa mkekani, wote, wananisubiri mimi. Mlango wa pili wa uani ulikuwa umetiwa kufuli. Nilikuwa nimepata nilichokitaka kwa ukamilifu wake, hata sauti ya sahani niliisikia.

Mdogo hakugusa chakula mara moja. Akauliza shangazi atarudi lini. Baba yake akamweleza kwamba shangazi kaolewa, mtu akiolewa huhamia kwa mumewe. Akauliza kwa nini kaolewa.

"Walikuja kumuuliza mama yako," alisema mume wangu, ananitania, anadhani ananisifu. "Mama yako akamsifia mno mapishi yake, wakamchukua."

Binti yangu akanigeukia. Hakukasirika. Alikuwa akifikiri, kama anavyofikiri hesabu iliyomshinda, akitafuta pale nilipokosea ili anisaidie.

"Mama," akaniambia, "si ungewaambia hajui kupika?"